Ulinzi wa Mtaa Huanza na Daftari

Nyumba moja ikivunjwa, mtaa mzima huamka. Usiku unaofuata vijana hujitokeza na marungu, filimbi hupulizwa kila kona, na mkutano huitishwa ambapo kila mkazi hunyoosha mkono kukubali kuchangia. Mwezi wa kwanza fedha hupatikana. Mwezi wa pili hupatikana nusu. Mwezi wa tatu walinzi hawaonekani, wala haijulikani daftari la michango liko kwa nani. Kisha mwizi hurudi.

Hiyo ndiyo historia fupi ya ulinzi katika mitaa mingi ya miji ya Tanzania, na yafaa ichunguzwe kwa makini. Imezoeleka kusemwa kwamba ulinzi wa wananchi hufa kwa sababu wananchi ni wavivu au ni wagumu wa kutoa. La hasha. Wananchi haohao huchangia misiba, harusi na madarasa ya shule pasipo kusukumwa. Ulinzi wa mtaa hufa kwa maradhi mawili: fedha isiyo na hesabu na madaraka yasiyo na mipaka. Maradhi hayo hayaletwi na mwizi. Huzaliwa ndani ya mtaa wenyewe, na dawa yake imo mikononi mwa wakazi.

ASILI YAKE

Wazo la wananchi kujilinda wenyewe si geni katika nchi hii. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kueleza kwamba ulinzi wa Taifa hauwezi kuachiwa jeshi peke yake, na mgambo wakaenea vijijini na mijini. Lakini mfano ulio karibu zaidi na jambo linalozungumzwa leo ni ule wa sungusungu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi, katika Mikoa ya Shinyanga na Tabora, walikuwa wamechoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi. Vita vya kumng'oa Idi Amin, vya mwaka 1978 na 1979, vilikuwa vimekwisha, lakini silaha nyingine zilizotapakaa zilikuwa zimeangukia mikononi mwa wahalifu. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na polisi wenyewe walikuwa wachache. Ndipo wanavijiji walipojipanga. Walichagua viongozi wao, wakashika pinde na mishale, wakakubaliana juu ya ishara ya hatari. Walichukua jina la wadudu weusi watembeao kwa msafara, ambao mmoja wao si kitu, lakini kundi lao hakuna mnyama apendaye kulikanyaga.

Jambo moja kuhusu sungusungu wa mwanzo halitajwi mara kwa mara, nalo ndilo muhimu kwa mazungumzo haya. Ulinzi ule haukuwa na mfuko mkubwa wa fedha. Yowe lilipopigwa, kila mwenye nguvu alitoka mbio na silaha yake mwenyewe. Mchango wa kila mtu ulikuwa miguu yake na usingizi wake. Mwenye ng'ombe mia alikimbia, na mwenye ng'ombe wawili alikimbia. Asiyetoka alijua kwamba siku nyumba yake itakapovamiwa, naye hatatokewa. Usawa huo ndio uliowapa nguvu. Kila mtu alimwona mwenziwe akitimiza wajibu, na kwa hiyo hakuna aliyejiona mjinga kwa kutimiza wa kwake.

Polisi na mahakama waliwatilia shaka, na baadhi yao walifikishwa mbele ya sheria. Chama na Mwalimu Nyerere walisimama upande wa wanavijiji, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili sungusungu nao watambuliwe na wapewe mamlaka ya kukamata kama yale ambayo mgambo walipewa kwa sheria ya mwaka 1975. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 utaratibu huo uliingizwa mijini, Dar es Salaam ikiwamo. Kuanzia mwaka 2006 Jeshi la Polisi lilianza kuueneza kwa jina la polisi jamii, na vikundi vya mitaani vikaitwa ulinzi shirikishi. Hata majirani wameazima: Kenya ilipoanzisha mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, jina lenyewe lilikuwa limevuka mpaka kutoka Tanzania.

Pamoja na historia yote hiyo, Septemba 2022 vijana wanaojulikana kwa jina la Panya Road walipovamia nyumba za watu Dar es Salaam na kujeruhi na kuua, wito uliotolewa ulikuwa wa kufufua ulinzi shirikishi. Neno kufufua linatosha kueleza kila kitu. Hufufuliwa kilichokufa.

NANI AKESHE, NANI ALIPE

Kijiji cha wafugaji na mtaa wa mjini havifanani. Mjini yumo mchuuzi aamkaye saa kumi za usiku kuwahi sokoni, yumo mfanyakazi wa zamu, yumo mpangaji wa chumba kimoja, na yumo mwenye ghorofa lenye ukuta na mbwa. Kuwaambia wote hao wakimbilie yowe kwa pamoja ni rahisi kwa maneno. Kwa vitendo, mtaa hauna budi kuchagua moja kati ya njia mbili.

Njia ya kwanza ni zamu. Uchukuliwe mfano wa mtaa wenye kaya 200. Wakihitajika walinzi 8 kila usiku, zamu ya kila kaya hufika mara moja katika siku 25. Huo si mzigo wa kumvunja mtu mgongo. Fedha zinazohitajika ni za tochi, betri, filimbi, makoti ya mvua, chai, daftari, na nauli ya kumfikisha mtuhumiwa kituoni au kumpeleka majeruhi hospitali.

Njia ya pili ni kuwapa posho vijana wachache wakeshe kwa niaba ya wote. Katika mtaa uleule, walinzi 8 wakipewa shilingi 100,000 kila mmoja kwa mwezi, zinahitajika shilingi 800,000, yaani shilingi 4,000 kwa kila kaya. Hesabu hiyo inapendeza kwenye karatasi. Lakini kaya 50 zisipolipa, mfuko hupata shilingi 600,000 tu, na walinzi 2 hukosa posho. Mlinzi aliyekosa posho haji kazini, au huja akalala, au, vibaya zaidi, hutafuta posho yake kwa wapita njia. Kaya zilizolipa huona ulinzi umelegea, nazo huanza kujiuliza kwa nini zilipe. Mwezi unaofuata wasiolipa huwa 80. Hakuna mwizi anayeweza kuuvunja ulinzi wa mtaa kwa haraka kama hesabu hiyo.

Mitaa mingi huchanganya njia hizi mbili: asiyeweza kukesha hutoa fedha badala ya zamu. Hapo ndipo penye mtego. Ikiwa mwenye nacho atanunua usingizi wake na asiye nacho atakesha kila usiku, basi ulinzi huo umekoma kuwa wa wananchi. Umekuwa utaratibu wa maskini kulinda mali ya tajiri kwa malipo ya chai. Nchi iliyopambana na unyonyaji mashambani na viwandani haiwezi kuufungulia mlango usiku mitaani.

Hii haina maana kwamba fedha badala ya zamu ipigwe marufuku. Daktari wa zamu, dereva wa basi la mikoani na mgonjwa hawawezi kulazimishwa. Maana yake ni kwamba masharti yawekwe wazi. Kwanza, fedha hiyo iingie kwenye mfuko wa wote, isipitie mkono wa kamanda wala wa jirani. Pili, kiwango chake kipangwe na mkutano wa wakazi, kisiwe kidogo hata ikawa rahisi kwa kila mwenye mshahara kujitoa. Tatu, mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake wawe wa kwanza katika orodha ya zamu. Kiongozi anayehimiza wenziwe wakeshe huku yeye amelala huwafundisha jambo moja tu, nalo ni kwamba kulala ni dalili ya cheo.

Vilevile wapo wasioweza kukesha wala kulipa: mama mjane mwenye watoto wadogo, mzee asiye na mtu, mlemavu. Hao wasamehewe. Lakini msamaha huo utolewe na mkutano, majina yaandikwe, na kila mtu ajue. Msamaha utolewao gizani na mkusanyaji wa fedha hugeuka kuwa upendeleo, na upendeleo hugeuka kuwa rushwa. Na yowe likipigwa kwa mjane, filimbi ilie kwa nguvu ileile inayolia kwa mwenye ghorofa. Mtaa unaolinda nyumba zilizolipa peke yake umefungua duka la ulinzi.

DAFTARI KABLA YA RUNGU

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ingefaa iandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya serikali ya mtaa.

Fedha za ulinzi ni ndogo, na udogo wake ndio hatari yake. Shilingi 2,000 haimfanyi mtu adai stakabadhi. Huona aibu kuidai. Lakini shilingi 2,000 za kaya 200 kwa miezi 12 ni shilingi 4,800,000. Hizo si fedha za kuwekwa mfukoni mwa shati la mtu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Utaratibu wa fedha haukuwekwa kwa sababu viongozi wote ni wezi. Umewekwa ili mwaminifu apate pa kuonyesha uaminifu wake.

Utaratibu wenyewe hauhitaji elimu ya juu. Anayekusanya asiwe anayetunza, na anayetunza asiwe anayeidhinisha matumizi. Kila atoaye apewe stakabadhi yenye namba, na nakala yake ibaki kitabuni. Fedha ziwekwe katika akaunti ya mtaa inayohitaji saini za watu zaidi ya mmoja. Siku hizi michango mingi hutumwa kwa simu, na hilo ni jambo jema kwa sababu simu huacha kumbukumbu. Lakini namba inayopokea fedha ikiwa ya mtu binafsi, kumbukumbu hiyo ni yake na fedha ni zake mpaka atakapoamua vinginevyo. Akihama, akifa au akigombana na wenziwe, mfuko wa mtaa huondoka naye.

Mapato na matumizi yasomwe mkutanoni, kwa sauti, shilingi kwa shilingi: betri kiasi gani, posho kiasi gani, nani amelipa, nani hajalipa, baki ni nini. Kisha karatasi hiyo ibandikwe ubaoni. Vijijini sheria inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane walau mara moja kila miezi mitatu, na hakuna sababu ya hesabu za ulinzi kukosa nafasi katika ajenda. Mtaa usiosomewa hesabu una haki ya kuuliza, na swali la mwananchi kuhusu fedha yake lisiitwe uchochezi.

Kuna jambo jingine lisilopendwa kusemwa. Je, mwananchi anaweza kulazimishwa kulipa? Ibara ya 138 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza kutoza kodi ya aina yoyote pasipo msingi wa sheria. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo, nayo hupata nguvu baada ya kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Mjini mamlaka hayo ni ya halmashauri ya mji au jiji. Kwa hiyo mtaa unaotaka mchango wa lazima upite njia hiyo. Mpaka hapo, mchango ni wa hiari, na kikundi kinachomvamia mtu usiku na kubeba redio yake kwa sababu hajalipa fedha ya ulinzi kimefanya kitendo kilekile ambacho kiliundwa kukizuia.

MIPAKA YA MADARAKA

Ugonjwa wa pili ni mzito kuliko wa kwanza, kwa maana fedha iliyopotea hurudishwa, lakini uhai haurudishwi.

Mwaka 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Katika kuwasaka watu waliokuwa wakiua wazee kwa tuhuma za uchawi huko Shinyanga, maofisa wa vyombo vya usalama waliwatesa watuhumiwa, na baadhi ya watuhumiwa hao walikufa. Waziri hakumpiga mtu. Alijiuzulu kwa sababu yaliyotendeka yalitendeka chini ya dhamana yake. Miaka 12 baadaye, yeye mwenyewe akiwa Rais, ndipo sheria ya mwaka 1989 ilipowatambua sungusungu. Mambo hayo mawili yanastahili kuwekwa pamoja: anayepewa mamlaka ya kukamata hupewa pia dhamana juu ya mwili wa aliyekamatwa.

Sungusungu nao hawakukosa doa. Baadhi ya vikundi vilitoka katika kusaka wezi vikaingia katika kusaka wachawi, na waliobebeshwa tuhuma hizo mara nyingi walikuwa wanawake wazee wasio na mtetezi. Mahali pengine waliomkamata mtu ndio waliomhukumu, ndio waliompiga faini, na ndio waliogawana faini hiyo. Penye utaratibu wa namna hiyo kila mtu mwenye mali au mwenye adui huwa mtuhumiwa.

Katiba, tangu ilipoingizwa Haki za Binadamu mwaka 1984, inasema wazi katika Ibara ya 13 kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa kosa asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike, na kwamba ni marufuku kumtesa au kumdhalilisha. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kazi ya mlinzi wa mtaa kwa hiyo ina mwanzo na mwisho. Huanza anapopuliza filimbi na humalizika anapomkabidhi mtuhumiwa akiwa mzima, pamoja na mashahidi. Kati ya filimbi na kituo hakuna mahali pa tairi wala petroli.

Hapa pia daftari lina kazi. Kila zamu iandike nani walitoka, saa ngapi, walimkamata nani, wapi, kwa sababu gani, na walimkabidhi kwa askari gani, saa ngapi. Mtu aliyeandikwa jina lake saa nane za usiku akiwa hai ni vigumu kuonekana amekufa alfajiri pasipo mtu kuulizwa. Na polisi aliyesaini kumpokea mwizi jioni ataona vigumu kumwachia asubuhi pasipo maelezo. Wananchi wengi hujichukulia sheria mikononi kwa sababu wamechoka kumwona mwizi waliyemkabidhi akirudi mtaani kabla yao. Malalamiko hayo ni ya haki. Jibu lake ni maandishi na ufuatiliaji, siyo mawe.

WAJIBU WA SERIKALI

Mwananchi anayeuliza kwa nini achangie ulinzi ilhali analipa kodi hakosei kuuliza. Ulinzi shirikishi hauondoi wajibu wa Serikali wa kuwa na vituo, askari na magari ya doria. Neno lenyewe linasema kushiriki, na hakuna ushirika wa upande mmoja. Polisi hawana budi kuwafundisha walinzi, kuwatambua kwa majina, kupokea simu yao usiku na kufika wanapoitwa. Kituo kinachosifu ulinzi wa wananchi mkutanoni na kisha kikawaambia usiku kwamba gari halina mafuta kimeuvunja ulinzi huo kwa mkono wake.

Aidha, tangu nchi iingie katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, ulinzi wa mtaa ni wa wakazi wote. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa Chama, na uzoefu wake wa kuwajua majirani ni hazina. Lakini orodha ya zamu, mfuko na daftari ni vya serikali ya mtaa. Mwizi haulizi kadi, na filimbi isiulize.

Ndugu Wananchi, haya yote yanaweza kuanza katika mkutano ujao wa mtaa wowote, pasipo kungoja mfadhili wala mwizi. Wakazi waorodheshe kaya. Wachague kamati yenye wanaume na wanawake. Wapange zamu, wakiwaanza viongozi. Wanunue madaftari mawili, moja la fedha na moja la matukio, kabla ya kununua tochi ya kwanza. Na siku hesabu zitakaposomwa, kila mkazi aende kusikiliza, maana ulinzi wa usiku hutegemea macho ya walinzi, na ulinzi wa mfuko hutegemea macho ya wote.